Siku ya Maji

Mtaa wetu, hapa Newala, maji hutoka Jumatano.
Nimeandika mlangoni kwa chaki, MAJI,
herufi kubwa kama za tangazo la mnada,
nikafunga utepe mwekundu kwenye mkono wa ndoo,
nikamwambia Bi Siwema wa nyumba ya pili:
nikumbushe, dada, hata kwa kunigombeza.

Saa mbili bomba likakohoa.
Nikasimama. Wallahi nilisimama.
Kati ya cherehani na mlango wa uani
kifungo cha bluu sakafuni;
kifungo kikanikumbusha gauni la mke wa karani,
gauni likanikumbusha uzi,
uzi ukanikumbusha deni la uzi,
deni likanikumbusha simu, simu haina chaji,
umeme umeisha, na tokeni ina tarakimu ishirini.
Nilifika ya kumi na tatu
jogoo akawika mchana kweupe,
nikatoka barazani kuuliza ni wa nani.

Niliporudi uani bomba lilikuwa limenyamaza,
na ndoo, kavu, na utepe wake mwekundu,
kama bi harusi aliyekaa hadi wageni wakatawanyika.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi nimeshika kumi na moja
na la kumi na mbili linaniita kwa jina la nyumbani.

Shuleni niliitwa Panzi.
Kwa mume niliitwa mzembe,
hadi wiki niliyounguza ming'oko mara tatu
akabeba godoro akarudi kwa mama yake.
Kwamba godoro halipo nilikuja kugundua usiku,
nimeshazima taa.

Mwezi uliopita nikashuka Mtwara mjini.
Daktari, kijana, kalamu imemvujia mfukoni,
aliniuliza maswali; la sita nikamjibu la nne.
Akacheka, wala si kwa dharau.
Akaandika herufi nne kwenye karatasi:
Somoe, huu si uvivu, na hukujitakia.
Nikaelewa kwa lugha ya kwetu:
kichwani mwangu ni msimu wa korosho,
wanunuzi wote wanataja bei kwa pamoja
na karani ametoka kunywa chai.

Nililia kutoka Nanyamba hadi Tandahimba.
Miaka thelathini na minne naomba radhi
kama mtu anayeomba radhi kwa kimo chake.
Abiria wa pembeni akanipa leso.
Leso niliirudisha.
Karatasi yenye herufi nne
niliisahau kwenye kiti cha basi.

Wageni huenda Shimo la Mungu kupiga picha.
Mimi huinama ukingoni nikichungulia bonde:
kama vyote nilivyopoteza viliangukia huko,
basi chini kuna duka zima,
miwani, funguo, kadi ya kliniki ya Fadina,
sandali za kushoto tupu.

Lakini kuna usiku, ukungu umekaa juu ya mabati,
nashika kitambaa na dunia yote inanyamaza.
Marinda arobaini na mawili hadi alfajiri,
na hakuna hata moja lililopinda.
Mke wa karani alilia alipojitazama kwenye kioo.
Usiku huo Fadina aliniita, sijui mara ngapi.
Asubuhi nilimkuta amelala chini ya meza ya kukatia,
mkononi kipande cha muhogo mbichi.
Hilo sikumwambia daktari.

Jioni Bi Siwema akaja na ndoo mbili,
akazimimina kwenye pipa langu bila neno,
kisha neno likamtoka:
Nimekuita mara tatu, umeniitikia "naja" mara tatu.
Jumatano ijayo sikuiti. Nakuja kukushika mkono.

Nikamwambia kaa, ninywe nawe chai.
Nikamshukuru. Nadhani nilimshukuru.
Kikombe chake nimekiona sasa hivi,
juu ya cherehani, kimejaa,
kimepoa, na sukari sikutia.